Mafuta ya Mgando Kwenye Dashibodi

Nilirudisha funguo za gari mwezi uliopita. Nikasaini kitabu, nikapewa soda, keki na picha ya pamoja ambayo ndani yake mimi peke yangu nimefumba macho. Vijana wa karakana mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Habari za vyeo hamtazipata hapa, kwa sababu nilianza nikiwa dereva na nimemaliza nikiwa dereva. Nitaandika habari za kuogopa. Kila asubuhi mliniona nikifuta dashibodi kwa kitambaa kikavu, huku ninyi mkiipulizia ile dawa yenu ya kung'arisha yenye harufu ya limau. Mlinicheka, mkasema mzee hapendi vitu vizuri. Nilicheka nanyi, lakini moyoni sikuwa nacheka.

Niliajiriwa Kasulu miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wanaingia kwa wingi kupitia Manyovu. Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori la mihogo kule kwetu Kibondo, na leseni niliipata kwa kuendesha wakati dereva wangu amelewa. Shirika lililotuajiri lilikuwa na Landrova nyeupe zilizopangwa mstari mmoja ndani ya uzio wa miti ya mikaratusi. Nilizitazama nikaona nimefika peponi. Sikujua bado kwamba weupe ule ndio utakaonitesa.

Dereva mkuu alikuwa Mzee Gwimo, Muha wa Heru Juu, mfupi hivi kwamba alikalia gunia lililokunjwa ili aone mbele ya usukani. Miwani ya jua hakuitaka kabisa, alisema ni ya wanamuziki. Alivaa kofia ya pama ambayo ukingo wake upande wa chini ameupaka masizi ya sufuria. Nilidhani ni uchafu. Siku nzima ya kwanza hakunipa ufunguo. Alinikalisha kwenye kiti cha dereva, gari limeelekezwa magharibi, kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua lilipozama, yeye amesimama dirishani akiuliza swali lilelile, akiniita mwanangu kwa Kiha.

"Unaona nini, mwana wanje?"

"Naona barabara, mzee."

"Tazama kioo chenyewe. Unaona nini?"

Nilikodoa macho. Ndani ya kioo cha mbele kilining'inia kivuli cheupe cha karatasi ya safari niliyokuwa nimeiweka juu ya dashibodi. Ilikuwa inaelea pale pale ambapo barabara inakata kona.

"Naona karatasi."

"Basi hiyo karatasi iko barabarani. Nyuma yake anaweza kuwapo mtu, na wewe humwoni."

Aliichukua akaitia mfukoni. Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilikuwa la vidole. Nyoosha mkono mbele yako, kiganja kikutazame, weka vidole vinne kati ya kilima na jua. Kama vidole vinaenea, endelea. Jua likiwa chini ya vidole vinne na barabara inaelekea huko huko, tafuta mahali pa kusimama, geuza gari, usubiri lizame. Madereva wengine walimwita Vidole Vinne. Wakimpita barabarani amesimama walimpungia mkono huku wamekunja kidole gumba, na yeye aliwajibu vivyo hivyo bila kukasirika.

Tatizo lilikuwa sheria nyingine, ya ofisini. Wakati ule wanyang'anyi walikuwa wanateka magari kati ya Kibondo na Kasulu, hasa jioni. Bwana Kileo, mkuu wetu wa usafirishaji aliyehamishwa kutoka Moshi, alibandika tangazo: gari liwe ndani ya uzio kabla ya saa kumi na mbili. Atakayechelewa ajieleze. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukitoka Kibondo mchana, saa ya vidole vinne inakukuta porini, barabara imeelekea kusini magharibi na kila kona ya pili inakutia jua usoni. Ukisimama unaogopa bunduki, ukienda unaogopa usichokiona. Wengi wetu tulichagua kwenda, kwa sababu bunduki tulikuwa tunazijua.

Nije kwenye urembo. Kila Ijumaa tulishindana kusafisha. Gari lilioshwa kwa sabuni, boneti ikasuguliwa mpaka unajitazama meno, na ndani tukapaka mafuta ya mgando, yale yale ya kujipaka mwilini, ya kopo la sokoni. Dashibodi iliyopauka kwa vumbi ikipata mafuta hayo inakuwa nyeusi inayometa, utadhani gari limetoka bandarini leo. Mimi nilikuwa bingwa. Nilipaka kwa vidole viwili, nikasugua kwa soksi ya zamani, nikapaka tena. Mzee Gwimo alipita akachungulia.

"Nani anaoa?"

"Usafi tu, mzee."

"Ukipaka hapo unalikaribisha jua ndani. Futa."

Nilifuta akiwa ananitazama. Alipogeuka nikapaka tena. Nilikuwa kijana, gari langu lilikuwa linang'aa kuliko yote, na yule mzee nilimwona mshamba wa masizi.

Wiki mbili baadaye tulitumwa Kibondo kuwachukua manesi wawili. Mimi niliendesha. Mzee Gwimo alikaa kando yangu, kwa sababu bado nilikuwa chini ya uangalizi wake. Tulichelewa kuondoka, manesi walikuwa wanasubiri barua. Tulipovuka mto Malagarasi nikajua hatutawahi. Jua lilishuka mbele yetu upande wangu wa kulia. Mzee alinyoosha mkono, akaweka vidole, akaushusha.

"Simama hapo kwenye uwazi."

"Mzee, hapa ndipo lilipotekwa lori juzi."

Nilimtazama upesi nikaona anaangalia vichaka. Alikuwa anaogopa kama mimi, na ile ilikuwa mara ya kwanza kuona hofu usoni pake. Nikakanyaga mafuta.

Kona iliyofuata jua liliingia lote. Nyinyi mnaoendesha siku hizi kwenye lami hamjui hali hiyo. Kioo kina vumbi, na kila punje ya vumbi inawaka. Chini ya vumbi hilo dashibodi yangu iliyopakwa mafuta ikatupa mng'ao juu, ukapanda kioo kizima mpaka usawa wa macho. Mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe. Nilishusha kile kikofia cha ndani cha kuzuia jua, hakikusaidia kitu, kwa sababu jua la juu nilikuwa nimelizuia, lililonipofusha lilitoka chini. Nikajikunyata upande wa kushoto kulikwepa. Mwili ukienda kushoto na mikono inakwenda huko. Tukasikia kishindo kwenye taa ya kushoto, kisha kitu kikaburuzwa.

Nilisimama. Vumbi lilitupita. Mbele kidogo, katikati ya barabara, baiskeli ilikuwa imelala, gurudumu la nyuma limekunjika, gunia la mihogo limepasuka.

"Usishuke!" nesi mmoja alipiga kelele. "Ni mtego! Huwa wanaweka baiskeli! Endesha!"

Kweli walikuwa wanaweka baiskeli. Lori la juzi lilitekwa hivyo hivyo. Na sasa nitawaambia kitu ambacho hakimo katika maelezo yoyote niliyowahi kuandika. Nilitia gia ya kwanza. Mguu wangu ulikuwa unaachia klachi. Nilitaka kupita juu ya mihogo ile na kwenda zangu, na nilitaka sana kuamini kwamba ni mtego, kwa sababu kama ni mtego basi sijagonga mtu.

Mzee Gwimo aliinama akachomoa ufunguo.

"Nimeona kandambili ya mtu ikiruka," alisema.

Tulishuka wawili. Nilifuata ubavu wa gari kurudi nyuma. Nyuma yetu, upande wa kushoto kabisa, kwenye mfereji, mtu alikuwa amelala kifudifudi. Wakati nashuka mferejini nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili kwa pamoja: awe hai, na asiwe ameona. Alikuwa hai. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeukia mahali ambapo mguu hauelekei. Aligeuza kichwa, akanitazama, na neno la kwanza alilolisema lilikuwa, "Mbabarira, shoferi." Kwa Kirundi maana yake nisamehe.

Alikuwa kijana Mrundi wa kambi ya Mtabila, jina lake Nestori. Manesi, walipoona kuna kazi, waliisahau hofu upesi kuliko mimi. Walimfunga mguu kwa vijiti vya kichakani, kamba ya gunia na kanga. Nikiwa nasaidia kumwinua niliangalia kwenye gari. Mzee Gwimo alikuwa amefungua mlango wangu, amevuta upindo wa shati lake jeupe, anafuta dashibodi. Alifuta yote, pembe hadi pembe, mpaka ikapauka. Kisha akachomeka shati ndani ya suruali ili mafuta yasionekane.

Kituoni niliulizwa, nikaandika. Mwendesha baiskeli alikata barabara ghafla, nikapiga breki, ikashindikana kumkwepa. Jua nililitaja, kwani jua halishtakiwi. Mafuta sikuyataja, wala upande niliokuwa. Bwana Kileo alisoma, akasema pole. Nestori naye alipoulizwa hospitali alisema hivyo hivyo, kwamba alikata barabara. Nilipoambiwa hivyo nilishukuru, halafu nikaenda dukani.

Nilimpelekea sukari na sabuni. Kila nilipoingia wodini aliniomba msamaha kwa sababu ya kuniharibia taa. Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya, na baiskeli hakuweza tena kuipanda. Kabla ya vita huko kwao alikuwa mbebaji wa ndizi kwa baiskeli, wa kushuka milima mikubwa na mikungu sita nyuma. Alinisimulia hayo akiwa ametazama dari.

Tangu siku ile nilikuwa dereva mwoga, na sioni haya kusema. Nilipiga breki kwa kivuli cha nguzo. Alasiri ikianza kunipungukia nilinyoosha vidole kila kilima. Nikaanza kufanya yote niliyoyadharau. Nilipaka masizi ukingo wa kofia, ili usinirudishie mwanga machoni. Nilifuta dashibodi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, nikatandika juu yake kipande cha blanketi jeusi la msaada, kwa sababu blanketi halirudishi mwanga. Kioo nilikisugua ndani na nje kwa majivu na gazeti lililoloweshwa, maana hata pumzi za abiria huacha utando unaowaka juani. Madereva wenzangu wakasema Vidole Vinne amezaa mtoto.

Hofu ya pili ililetwa na taa. Baada ya utekaji mwingine Bwana Kileo aliagiza kila gari lifungwe taa nne juu ya paa, ili litakalochelewa liweze kuona mbali. Zilifungwa juu kabisa, mbele ya keria, zikawa nzuri ajabu kuzitazama ukiwa nje. Jioni ya kwanza nilizijaribu njia ya Makere, giza limeanza kuingia. Nilipowasha nilipiga kelele. Taa zilimwagika juu ya boneti nyeupe niliyoisugua Ijumaa, boneti ikazirudisha usoni kwangu, na mbele yake vumbi la gari lililotangulia likasimama kama shuka iliyoanikwa. Ukuta ule ule. Nilizima, nikasimama, nikakaa gizani nimeshika usukani, nikisikia kishindo ambacho hakikuwapo.

Asubuhi nilimweleza Mzee Gwimo. Tuliinua macho tukatazama paa, tukashusha tukatazama boneti.

"Boneti iwe nyeusi," alisema. "Nyeusi isiyong'aa. Kama ubao wa shule."

Basi tukaenda shuleni. Heru Juu kulikuwa na mwalimu wa kutoka Tanga, Mwalimu Salma, aliyewafundisha watoto kutengeneza rangi ya ubao kwa kuponda betri kuukuu za redio, kuchanganya unga wake na majani yaliyotwangwa, na kupaka kwa tambara. Alitushangaa, watu wazima na ndoo.

"Mnafungua shule ndani ya gari?"

"Tunafundisha taa adabu, mwalimu," Mzee Gwimo alijibu.

Tulipaka. Boneti ikawa nyeusi kweli, nyeusi ya kunyonya mwanga, na nilipowasha taa jioni ile niliiona barabara. Nilitaka kulia. Siku ya tatu mvua ikanyesha, rangi yote ikashuka kwenye magurudumu, gari likafika kambini lina mistari na watoto wakatukimbia. Tukajaribu tena kwa uji wa unga wa muhogo ili ishike. Ilishika, kisha jua likaibambua vipande vipande. Mwishowe tulipata rangi ya mafuta nyeusi, Mzee akaichekechea majivu laini mpaka ikakataa kung'aa. Hiyo ndiyo iliyokaa. Kisha nikachukua bati la makopo ya mafuta ya kupikia ya wakimbizi, nikalikata, nikalifunga chini ya taa za paani mfano wa kidevu, nikalipaka nyeusi, ili mwanga uende mbele na usidondoke kwenye boneti. Taa zenyewe tulizirudisha nyuma kiasi cha kiganja kimoja. Vijana, bati lile bado liko stoo. Msilitupe.

Bwana Kileo alipoliona gari alishika kiuno, akaniita kwa jina.

"Bihame, hili ni gari la shirika au la msiba?"

Nikamweleza habari za mng'ao. Akasema wageni wanakuja kutoka Dar es Salaam, rangi itoke, bati litoke, gari lirudi kama lilivyonunuliwa. Nilitoa bati kwa mikono yangu, nikasugua boneti kwa petroli siku nzima. Nilipomaliza nikaenda ofisini kwake, mimi ambaye sikuwahi kumjibu mkubwa.

"Bosi, naomba jioni hii uendeshe wewe. Mpaka Makere tu."

Alikuwa mtu wa kujiamini, akakubali. Nilikaa kando yake alipokuwa akikaa Mzee Gwimo. Mwanga wa mwisho ulikuwa unazimika. Lori lilitupita likaacha vumbi, akawasha taa za paani. Sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa namwangalia yeye. Alikunja uso, akasogeza kichwa mbele, akajikunyata kushoto, hivyo hivyo kama mimi. Mikono ikaanza kumfuata.

"Simama, bosi," nilisema. Kisha nikapiga kelele, "Simama!"

Alisimama. Vumbi lilipotulia wanawake wanne wenye madumu ya maji kichwani walipita ubavuni, karibu kiasi cha kugusa kioo cha pembeni. Mmoja alitusalimia.

"Hawa wametoka wapi?" Bwana Kileo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Walikuwapo muda wote, bosi."

Alizima gari. Alikaa ameshika usukani, na nilijua anachokisikia kifuani. Kisha alisema, "Kesho paka hiyo rangi yako. Magari yote." Wageni walipokuja walikuta mstari wa magari yenye pua nyeusi. Mmoja akauliza kama ni alama ya shirika. Bwana Kileo akasema ndiyo.

Hapo wengine wangemalizia, na kwa miaka mingi mimi nilimalizia hapo. Nilipowafundisha madereva wapya nilisimulia habari za taa, za ubao na za wanawake wanne, watu wakacheka, wakajifunza. Nestori sikumtaja. Lakini yeye hakwenda mbali. Alioa Heru Juu, akalima maharage, na baada ya miaka mingi akapata karatasi zake za uraia. Kambi ikafungwa, yeye akabaki. Kila nilipopita barabara ya kwao alitoka shambani akichechemea, ananipungia kofia. "Shoferi wanje!" Dereva wangu. Ananijazia maharage kwenye mfuko, na kabla sijaondoka anarudia, "Mbabarira kwa siku ile." Nimekula maharage ya mtu huyo msimu baada ya msimu. Hayakuwahi kushuka vizuri.

Mzee Gwimo alipougua nilikwenda kumwona. Tulizungumza habari za magari. Nilipoinuka alinishika mkono.

"Shati lile sikulivaa tena," alisema. "Doa halikutoka. Niliogopa watakufukuza, ukiwa mgeni hivyo. Nilikosea. Siku utakaporudisha funguo, hawatakuwa na kitu cha kukunyang'anya. Uende kwa Nestori."

Alifariki mwezi huo huo. Mimi nikaendelea kuendesha, na kusema kweli nilianza kuiogopa siku ya kustaafu kuliko nilivyoogopa wanyang'anyi. Mlidhani nasikitika kuacha kazi.

Basi kesho yake baada ya keki nilipanda bodaboda mpaka Heru Juu. Nilimwambia kijana aende polepole, akaenda polepole, na bado tulifika mapema mno. Nestori alikuwa uani anapepeta maharage. Alifurahi, akanipa kigoda, akaita mkewe alete maji. Nilikataa maji. Nilisema nisikilize kwanza, halafu utaamua kama utanipa maji. Nikamweleza: mafuta ya mgando, mng'ao kutoka chini, mwili wangu ulivyokwenda kushoto, gia ya kwanza niliyoitia, shati la Mzee Gwimo, maelezo niliyoyaandika. Nilisema, "Wewe hukukata barabara. Ulikuwa upande wako. Mimi ndiye niliyekuja upande wako."

Aliweka ungo chini. Nilitazama mguu wake, kwa sababu uso nilishindwa.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa upande wangu. Nilikuwa naona majani yananigusa huku. Mtu aliyebeba ndizi kwenye milima ya kwetu akate barabara mbele ya gari? Mimi?" Alitikisa kichwa. "Lakini sikuwa na kibali cha kutoka kambini, shoferi. Nilitoka kwa kujificha, kutafuta mihogo. Nikisema gari la shirika lina makosa, wataniuliza, na wewe huko ulikuwa unafanya nini? Watanirudisha ng'ambo. Nilikuona unashuka mferejini, nikasema huyu amekasirika, nimwombe msamaha upesi."

"Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa."

Nilitoa machozi, na sikuyafuta. Nilimuuliza nimfanyie nini. Kama anataka twende ofisini, kituoni, popote, nitakwenda. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Ofisini nikafanye nini? Nataka kitu kingine." Alionyesha kwa kidevu upande wa jikoni, waliko watoto wake wakubwa na wajukuu, maana ilikuwa Jumamosi na wote walikuwapo. "Hawa hawakuniona kwenye baiskeli. Wananijua na mguu huu tu. Unajua wananiitaje? Kata-Barabara. Mtoto akianguka na baiskeli wanasema ana damu ya babu. Nami nacheka nao. Miaka yote hiyo nacheka nao, shoferi."

Aliita kwa sauti. Walikuja mmoja mmoja, wakijifuta mikono, mkewe akija nyuma na kile kikombe cha maji nilichokikataa. Walinisalimia, mkubwa akaniletea kiti cha kuegemea. Nestori akasema mzee huyu ana neno, wanyamaze.

"Anza pale ulipopaka mafuta," aliniambia. "Usiruke kitu."

Nimevuka Malagarasi ikiwa imefurika, nimepita kwenye risasi njia ya Manyovu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyowaogopa wale watoto waliosimama wananisubiri. Nilivua kofia. Masizi ya ukingo yalibaki kwenye vidole. Nikaanza pale pa mafuta, na Nestori alikaa wima, mguu mbovu ameunyoosha mbele, akiwatazama wao.